Zitapigana Tumboni

Jino la mama mdogo lilianza kumsumbua siku ya Jumatano. Kufikia Alhamisi jioni shavu lilikuwa limevimba, akaenda duka la dawa la mtaani kutafuta cha kumtuliza mpaka apate hela ya kung'olea. Muuza dawa, kijana mwenye heshima zake, alimuuliza swali alilopaswa kumuuliza: "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?" Mama mdogo akamtajia fenobabitoni, kidonge chake cha kila usiku tangu akiwa msichana. Kijana akasita. Akahesabu Panadol, akazitia kwenye bahasha, akaandika 2 x 3 kwa kalamu, kisha akasema, "Ila hizi na zile usizichanganye, mama. Zitapigana tumboni."

Mama mdogo akatii, kwa namna yake. Jino lilikuwa linauma, na kifafa kilikuwa hakijamtembelea kwa zaidi ya miaka miwili. Akachagua dawa ya maumivu anayoyasikia, ile nyingine akaiacha kabatini. Usiku wa nne alianguka karibu na jiko la mkaa. Kovu bado lipo, mkono wa kushoto, linaanzia kwenye kiwiko na kushuka hadi karibu na kiganja.

Mimi si daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa muda mrefu baada ya usiku ule kilichonikaa kichwani hakikuwa kosa la yule kijana, maana hakukosea sana, kama nitakavyoeleza. Kilichonikaa ni lile neno lake. Nani aliwahi kuziona dawa hizi zikipigana? Lini, wapi, tumboni mwa nani? Nikaanza kutafuta kama tunavyofundishwa darasani: unarudi nyuma hadi ufike mahali ambapo jambo lenyewe bado halipo.

Huko nyuma nilikokwenda nilimkuta mtu mmoja amesimama kwenye milango yote miwili.

Anaitwa Joseph von Mering, daktari Mjerumani aliyezaliwa Köln mwaka 1849. Waliosoma tiba wanamjua kwa sababu ya mbwa: mwaka 1889, akiwa Strasbourg pamoja na Oskar Minkowski, walimtoa mbwa kongosho naye akapata kisukari, na kwa hiyo tukajua ugonjwa ule unaanzia wapi. Lakini mbwa ni habari nyingine. Strasbourg ya miaka ile, iliyokuwa chini ya Ujerumani, ilikuwa pia mji wa homa. Mwaka 1886 madaktari wawili vijana, Arnold Cahn na Paul Hepp, walikuwa wanamtibu mgonjwa wa minyoo kwa naftalini, ile ile tunayoijua kwa harufu ya masanduku ya nguo. Minyoo haikuondoka, ila homa ilishuka. Walipochunguza wakagundua kwamba duka la dawa lilikuwa limewapa kitu kingine kabisa, asetanilidi, kemikali ya viwanda vya rangi. Kosa la muuza dawa likazaa dawa. Ikauzwa kwa jina la Antifebrin, na kampuni ya Bayer, ambayo nayo ilikuwa kiwanda cha rangi chenye mabaki mengi ya kutafutia kazi, ikafuata na ndugu yake, fenasetini, mwaka 1888.

Asetanilidi ilikuwa na ubaya mmoja wa kuonekana kwa macho: wagonjwa wengine waligeuka rangi, midomo na kucha zikawa za bluu, kwa sababu dawa iliharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Ndipo von Mering akajaribu ndugu wa tatu. Kilikuwa kimetengenezwa Marekani zaidi ya miaka kumi kabla, na mkemia Harmon Northrop Morse, bila mtu kukitafutia matumizi. Ndicho tunachokiita leo parasetamoli. Von Mering alitoa matokeo yake mwaka 1893: inashusha homa, inatuliza maumivu, lakini nayo inageuza damu. Leo wengi hudhani unga alioutumia haukuwa safi. Vyovyote vile, hukumu ilikwisha kutolewa. Fenasetini ikaenda sokoni, parasetamoli ikarudi kwenye rafu kwa zaidi ya miaka hamsini.

Huo ni mlango wa kwanza. Mlango wa pili uko mwaka 1903. Von Mering, ambaye sasa alikuwa Halle, anashirikiana na Emil Fischer, mkemia aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla, na wanatangaza dawa ya usingizi waliyoiita Veronal. Ilikuwa ya kwanza ya ukoo wa babiturati kuingia hospitalini. Bayer wakaendelea kuugeuza ukoo huo, wakichomoa kipande hapa na kupachika kingine pale, hadi 1912 walipotoa sokoni kitu cha usingizi chenye nguvu zaidi, wakakipa jina Luminal. Luminal ndiyo fenobabitoni. Kwa hiyo vidonge viwili vya mama mdogo, vile vilivyokatazwa kukaa tumbo moja, vilipita kwenye mikono ya mtu yule yule, au tuseme mmoja ulipita na wa pili ni mpwa wa alichokitengeneza. Von Mering hakujua hilo. Alifariki Halle mwaka 1908.

Kwamba Luminal inazuia kifafa kuligunduliwa na kijana wa miaka thelathini na moja, Alfred Hauptmann, daktari wa zamu katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Freiburg. Aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa hiyo ili walale, basi. Inasimuliwa kwamba chumba chake kilikuwa karibu na wodi na kelele za wagonjwa kuanguka kutoka vitandani zilimnyima usingizi. Huenda ni kweli, huenda ni chumvi ya wasimulizi. Lenye uhakika ni kwamba aliona hawaanguki tu usiku mchache, bali mchana pia, akayachapisha mwaka huo huo wa 1912. Kabla ya hapo watu walikuwa na bromidi, chumvi iliyotumika tangu katikati ya karne ya kumi na tisa, iliyopunguza kifafa na kumwacha mtu na chunusi mwili mzima na akili nzito kama amebeba gunia.

Kuhusu Hauptmann siwezi kupita haraka, hata kama njia yangu ni ya vidonge. Alipanda cheo akawa profesa katika mji wa Halle, mji ule ule. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1935 akaondolewa kazini. Novemba 1938, baada ya usiku wa kuchoma masinagogi, akafungwa kambi ya Dachau. Alipotoka akakimbia nchi, akaishia Marekani. Katika Ujerumani aliyoiacha, sheria ya Julai 1933 iliyoruhusu watu kufungwa vizazi kwa nguvu ilikuwa imekitaja kifafa cha kurithi kwa jina. Na vita vilipoanza, madaktari wa serikali walipopewa kazi ya kuwaua watoto walemavu, wakiwemo wenye kifafa, mara nyingi walitumia Luminal, dozi juu ya dozi hadi mtoto anapata nimonia na cheti cha kifo kinaandikwa nimonia. Dawa ya Hauptmann. Nilipoisoma habari hiyo niliifunga kompyuta, nikaenda kukaa nje.

Hauptmann alifariki Boston mwaka 1948. Mwaka huo huo, New York, mlango wa kwanza ukafunguliwa upya. Bernard Brodie na msaidizi wake Julius Axelrod, aliyekuwa bado hana hata shahada ya uzamivu, walikuwa wanafuatilia asetanilidi inapoingia mwilini: inageuka nini, inatokea wapi. Wakakuta kwamba sehemu kubwa inageuzwa kuwa parasetamoli, na kwamba parasetamoli hiyo ndiyo inayotuliza maumivu, wakati lawama ya damu ya bluu ni ya kitu kingine kinachozaliwa njiani. Yaani kwa miaka sitini watu walikuwa wanameza parasetamoli bila kujua, kupitia kwa ndugu zake wachafu. Mwaka 1955 ikaanza kuuzwa Marekani kama Tylenol, 1956 Uingereza kama Panadol.

Sasa vidonge vyote viwili viko dukani. Bado havijakutana.

Upande wa mama yangu ni Wapogoro wa Mahenge, milimani huko Ulanga, na hapo ndipo habari hii inapoacha kuwa ya Wajerumani peke yao. Karibu na mwaka 1960 daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, akakuta watu wengi wenye kifafa, wengi kupita alivyotarajia, wakiishi pembeni ya watu wengine. Iliaminika kwamba mate ya aliyeanguka yanaambukiza. Mtu akianguka motoni, mkono wa kumvuta ulisita. Jilek-Aall akafungua kliniki ya kifafa, na dawa aliyoitegemea zaidi ilikuwa fenobabitoni: rahisi, haiharibiki upesi, inamezwa mara moja kwa siku. Ndiye pia aliyeandika mapema kuhusu watoto wanaotikisa kichwa kana kwamba wanasinzia, jambo ambalo watafiti walikuja kulijadili sana miongo kadhaa baadaye. Bibi yangu alikuwa akimtaja "mama daktari" kwa sauti ile wanayotumia kumtaja padri mwema.

Nasema haya kwa sababu moja. Ulaya na Marekani fenobabitoni imekuwa dawa ya kizamani, imepishwa na nyingine nyingi. Kwetu haikupishwa. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na parasetamoli imo pia, na katika dispensari nyingi za vijijini hizo mbili ndizo unazoweza kuwa na hakika ya kuzikuta, zikiwa hazijaisha. Mtu mwenye kifafa anayeumwa kichwa Ulanga hana uchaguzi mpana. Kwa hiyo swali la kama zinapigana ni swali letu kuliko la mtu wa London, ingawa majibu yote yalitafutwa karibu na London.

Majibu yalianza na maiti. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Uskoti, Davidson na Eastham, walieleza wagonjwa wawili waliokufa baada ya kumeza parasetamoli nyingi mno kwa makusudi. Maini yao yalikuwa yamekufa kabla yao. Dawa iliyosifiwa kwa usafi ikaonekana na upande wake mwingine, na hakuna aliyejua kwa nini. Aliyerudi kutafuta sababu ni Brodie yule yule, sasa mzee, pamoja na wenzake vijana akina Jerry Mitchell katika taasisi za taifa za afya huko Bethesda, Marekani. Mwaka 1973 wakachapisha mfululizo wa makala. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo vidonge viwili vinakutana kwa mara ya kwanza katika maandishi niliyoyaona mimi: tumboni mwa panya.

Panya walipewa kwanza fenobabitoni kwa siku kadhaa, kisha parasetamoli nyingi. Hawakupewa fenobabitoni kwa sababu ya kifafa. Panya wale hawakuwa na kifafa. Walipewa kwa sababu ya tabia nyingine ya dawa hiyo, iliyojulikana tangu miaka ya 1950: inaliamsha ini. Ini likizoea fenobabitoni hujenga vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunjia dawa, kama kiwanda kinachoongeza mashine kwa sababu kazi imekuwa nyingi. Watafiti walitaka kujua kama ini linaloenda mbio litaumia zaidi au kidogo. Liliumia zaidi. Wakahitimisha kwamba parasetamoli yenyewe haina hatia. Sehemu yake kubwa ini huifungia kwenye sukari au salfeti na kuitoa kwenye mkojo. Sehemu ndogo hupitia mashine nyingine na kutoka ikiwa sumu kali, na sumu hiyo huzimwa papo hapo na kitu kiitwacho glutathioni. Kwa dozi ya kawaida glutathioni inatosha. Dozi ikizidi sana inakwisha, na sumu inaanza kuliuma ini lililoizaa.

Ukiisoma hivyo, yule kijana wa duka la dawa ana haki kabisa. Mashine nyingi, sumu nyingi. Na ndivyo madaktari walivyosoma kwa miaka. Uingereza ilikuwa na mchoro wa kuamulia nani apewe dawa ya kuokoa ini, asetilisisteini, ambayo Laurie Prescott wa Edinburgh alionyesha mwaka 1977 kwamba inafanya kazi ikidungwa mshipani. Kipimo cha damu saa nne baada ya kumeza kikifika miligramu 200 kwa lita, unatibiwa. Lakini baadaye ukachorwa mstari wa pili, wa chini, wa 100, kwa watu wa hatari: walevi wa kudumu, waliokonda kwa njaa, na wanaomeza fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini. Mwenye kifafa akawa na mstari wake.

Ila nilipoendelea kusoma nikakutana na hamsta. Kundi lile lile la Bethesda liliwapa hamsta fenobabitoni kama walivyowapa panya, na ini la hamsta likapata nafuu badala ya kuumia. Sababu ni kwamba fenobabitoni huamsha mashine za aina mbili, zile zinazotengeneza sumu na zile zinazofungia dawa kwenye sukari na kuitoa salama. Kwa panya zilishinda za kwanza, kwa hamsta za pili. Je, binadamu ni panya au hamsta? Sijaona swali lililonyooka kuliko hilo, na jibu la miaka arobaini limekuwa la kuyumba. Kwa mtu anayetumia dozi ya kawaida, jambo la hakika zaidi halina vitisho: ini lake lililoamshwa huiondoa parasetamoli haraka, kwa hiyo maumivu yanaweza kurudi mapema. Kwa mtu aliyemeza nyingi kupita kiasi, au anayemeza dozi ya juu siku nyingi mfululizo huku hali, tahadhari ilibaki. Septemba 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikaufuta mstari wa wenye kifafa, na haikufanya hivyo kwa kusema hawana hatari. Iliwashusha watu wote kwenye mstari wa 100. Uainishaji wa nani yuko hatarini ulikuwa unawachanganya madaktari, na wengine waliokufa walikuwa wamewekwa upande usio wao.

Kwa hiyo ukiniuliza kama zinapigana, nitasema hapana, si kwa maana aliyoielewa mama mdogo. Vidonge viwili vya Panadol kwa siku mbili tatu za jino havikumkataza kumeza fenobabitoni yake. Zipo dawa za maumivu zinazogombana na dawa za kifafa waziwazi. Aspirini ikikutana na valproeti huiondoa kwenye protini za damu ilikojishikiza na kuliziba ini lisiivunje, hadi inabaki nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Tramadoli, hii ambayo vijana wa bodaboda huimeza ili wasichoke, inaweza yenyewe kumwangusha mtu asiyewahi kuwa na kifafa. Hizo zingekuja na onyo la yule kijana, ningemshukuru.

Lakini tatizo la onyo lake silioni kwenye famasia. Liko kwenye sarufi. "Usizichanganye" ni neno lisilosema ipi iachwe. Katika vitabu vya Uingereza onyo hili lilielekezwa kwa daktari wa dharura mwenye matokeo ya damu mkononi, kuhusu mgonjwa aliyemeza sumu, na lilimwambia afanye jambo: mtibu huyu mapema. Likasafiri kutoka kitabu hadi kitabu, kutoka semina hadi semina, likipoteza kila mara kipande, dozi kwanza, kisha muda, kisha ini, hadi likafika mtaani kwetu likiwa neno moja la mapigano. Na mgonjwa akilipokea hivyo atafanya hesabu ya kawaida kabisa ya nyumbani, ya kuacha kisichouma. Hakuna aliyemwambia kwamba katika hizo mbili, ya hatari kuiacha ghafla ni fenobabitoni. Mwili uliozoea kushikwa nayo kwa miaka ukiachiwa ghafla, kifafa hakirudi kwa hodi.

Nilimsimulia mama mdogo haya yote mwezi uliopita, tukiwa tunachambua mchele. Alisikiliza habari ya von Mering kwa adabu, ya Hauptmann akanyamaza kabisa, ya panya na hamsta akacheka hadi akaweka ungo chini. "Kwa hiyo mwanangu hawa wazungu wenyewe hawajui kama mimi ni panya?" Nikamwambia hawajui vizuri. Akauliza kama yule daktari alirudi kwao. Nikamwambia hapana, alifia Boston. Akachambua kidogo, akasema "maskini," kisha akainuka kwenda ndani.

Alirudi na mfuko wa plastiki wa dawa zote za nyumba. Alitaka nimwonyeshe parasetamoli iko wapi, maana nilikuwa nimesema hatari iko kwenye kuzidisha, na kwamba mtu anaweza kuzidisha bila kujua. Tukamwaga kila kitu mezani. Panadol, hiyo tuliijua. Pakiti ya unga wa mafua, wa kuchanganya na maji ya moto: imo, maandishi madogo nyuma. Vidonge vya mafua vya rangi mbili: imo. Dawa ya maji ya mjukuu: imo. Akawa anaziweka upande mmoja, moja baada ya nyingine, na upande wa pili bahasha ya fenobabitoni peke yake, 1 x 1 usiku. Zikabaki bahasha mbili zenye vidonge vyeupe visivyo na jina. Moja imeandikwa 2 x 3. Nyingine wino ulikuwa umefutika.